Jioni Isiyotiwa Chumvi



Toleo lililopita niliahidi kwamba safu hii itahusu picha za rangi za mandhari wakati wa jioni: namna ya kuzipiga na namna ya kuzihariri. Niliahidi kwa kujiamini sana, kwa sababu nilikuwa nimepiga picha moja ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Ni ile ya bango la Usiku wetu wa Utamaduni, mti mmoja mweusi mbele ya anga jekundu kama kaa la moto. Wengi mliniuliza kama niliipiga Serengeti au Maasai Mara. Nilicheka tu, wala sikumsahihisha mtu. Leo naomba kusahihisha.

Picha ile niliipiga kando ya barabara, magharibi ya Fort Worth, ukishapita Weatherford. Mti ule si mgunga. Ni mesquite, mti wa miiba uliojaa upande ule wa Texas. Wala anga halikuwa jekundu. Jioni ile jua lilishuka likiwa la manjano hafifu, na mawingu yalikuwa ya kijivu. Wekundu niliutia mimi mwenyewe, nikiwa nimejilaza kitandani saa sita za usiku, navuta kidole kwenye programu ya Lightroom mpaka nikaridhika.

Kisha nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Bibi yangu, aliyeko Mombasa, alijibu kwa sauti: "Mjukuu wangu, huko kwenu kunaungua? Mko salama?" Kabla sijajibu, mjomba, ambaye aliendesha lori miaka mingi kwenye njia ya Garissa, akaandika: "Mwambieni mama asiwe na hofu. Na huo si mgunga. Huo ni mathenge."

Mjomba hakukosea sana. Mathenge ni jina ambalo Wakenya wameupa mti uitwao kitaalamu Prosopis juliflora. Asili yake ni Amerika. Ulipelekwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia ardhi isigeuke jangwa, ukaenea mpaka ukawa kero kwa wafugaji. Mesquite wa hapa Texas, Prosopis glandulosa, ni ndugu yake. Kwa hiyo mimi nilihangaika usiku kucha kuugeuza mti wa Texas uwe wa Afrika, kumbe nduguye alishahamia Afrika kabla sijazaliwa.

Familia ilicheka, nami nikacheka. Lakini swali la bibi lilinikaa rohoni. Bibi hajawahi kufika Texas, na kwa umri wake hatafika. Kila anachokijua kuhusu mahali anapoishi binti yake, yaani mama yangu, amekiona kwenye kioo cha simu. Aliniomba jioni ya kwetu, nami nikampa jioni ya kubuni. Tangu siku ile nimejifunza upya kazi hii, na ndiyo nitakayowaeleza.

Saa zetu na jua la hapa

Tuanze na saa, maana hapo ndipo Kiswahili na Texas vinapokosana. Saa za Kiswahili zimejengwa juu ya jua la karibu na ikweta. Mombasa jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni mwaka mzima. Ukisema "saa kumi na mbili jioni", kila mtu anajua mwanga ukoje. Dallas, mwishoni mwa Juni, jua huzama kama saa 2:40 usiku. Nimeandika "usiku" kwa sababu Kiswahili kinanidai niandike hivyo, ingawa watoto bado wanacheza mpira nje. Desemba jua lilelile huzama saa 11:20 hivi, wengine wetu tukiwa bado darasani.

Basi, usipange kupiga picha kwa kufuata saa. Fuata jua. Tazama kwenye simu muda wa machweo wa siku hiyo, kisha ufike mahali pako saa nzima kabla.

Tofauti nyingine ni muda wa utusitusi. Karibu na ikweta jua hushuka wima, kama jiwe lililodondoka kisimani. Tangu lizame hadi litimize nyuzi sita chini ya upeo ni dakika ishirini na kidogo tu. Huku kwetu jua hushuka kwa mshazari, na utusitusi huohuo huchukua kati ya dakika 25 na karibu 30 mjini Dallas. Wazazi wetu wanaosema kwamba kwao "giza huingia ghafla" hawatii chumvi. Sisi tuna dakika za ziada, na mpiga picha anazihitaji.

Rangi hutoka wapi

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote. Ukipita hewani, chembe ndogo za hewa hutawanya zaidi ile samawati, ndiyo maana mchana mbingu ni samawati. Jua likiwa ukingoni mwa dunia, mwanga wake hupita katika hewa nyingi, karibu mara 38 ya ile unayopita jua likiwa utosini. Samawati huishia njiani, na inayotufikia ni manjano, chungwa na nyekundu.

Wengi hudhani vumbi na moshi ndivyo vinavyoipendezesha jioni. Mara nyingi ni kinyume. Vumbi jingi hulifanya anga kuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Hapa Texas tunalijua vizuri, kwa sababu kila kiangazi vumbi la Sahara huvuka Bahari ya Atlantiki na kutufikia. Hata vumbi la Afrika lina jamaa huku! Jioni zenye rangi safi huja siku moja au mbili baada ya upepo wa baridi kutoka kaskazini kuisafisha hewa, hasa kukiwa na mawingu mepesi ya juu sana. Mawingu hayo huendelea kupata mwanga baada ya jua kutupotea sisi tulio chini. Kwa hiyo usikunje vifaa vyako jua likizama. Subiri walau dakika ishirini. Picha zangu nzuri nimezipata watu wengine wakiwa tayari wanawasha magari kurudi nyumbani.

Pa kwenda

Kwa walioko Dallas, White Rock Lake haina gharama yoyote. Ni ziwa lililotengenezwa mwaka 1911 kwa kuziba kijito. Simama Winfrey Point, upande wa mashariki, na utapata maji mbele yako, jua likishuka ng'ambo na majengo marefu ya mjini yakionekana kwa mbali. Walioko Fort Worth waende Tandy Hills, mbuga ndogo ya nyasi iliyo mashariki ya jiji. Majira ya kuchipua huwa imejaa maua ya porini, na jua hushukia upande wa majengo ya mjini.

Jifunzeni pia kulipa jua kisogo. Ukisimama upande wa magharibi wa Mto Trinity, karibu na daraja jeupe la Margaret Hunt Hill lililofunguliwa mwaka 2012, majengo ya Dallas yako mashariki yako, na vioo vyake vyote hushika mwanga wa mwisho. Houston mambo ni yaleyale kwenye daraja la Sabine Street, juu ya Buffalo Bayou. Jua likishazama, tazama chini upande wa mashariki: utaona ukanda wa kijivu cha samawati ukipanda, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa kijivu ni kivuli cha dunia yenyewe. Watu wengi wameishi miaka na miaka bila kuuona, kwa sababu wote wanatazama magharibi.

Wa Houston mna na popo. Chini ya daraja la Waugh Drive wanaishi kwa maelfu, na jioni za joto hutoka kundi zima kama moshi.

Na Galveston je? Wengi huenda ufukweni pale wakitarajia kuona jua likizama baharini, wakarudi wamenuna. Ufukwe ule mkubwa unatazama kusini-mashariki. Ni kama Mombasa na Dar es Salaam: jua huchomoza baharini na kuzama bara. Anayetaka kuona jua likizama katika Bahari ya Hindi sharti awe upande wa magharibi wa kisiwa, kama pale Forodhani, Unguja. Galveston nako zunguka nyuma ya kisiwa, upande wa ghuba, utalipata jua lako.

Onyo moja kwa wanaopenda kwenda mashambani kama mimi. Ukiona mti au nguzo ya uzio imepakwa mstari wa rangi ya zambarau, usivuke. Kwa sheria ya Texas, alama hiyo ina maana sawa na kibao cha "Usiingie". Picha yangu ya mesquite niliipiga nikiwa nimesimama upande wa barabara, na hilo angalau silioni haya.

Kupiga

Kosa la kwanza la wengi ni kuiachia kamera iamue rangi. Kamera imefundishwa kwamba kitu cheupe lazima kionekane cheupe. Ikiona mwanga wa chungwa hudhani ni kasoro, ikaurekebisha, na jioni yako ikapoa kama chai iliyosahauliwa. Toa mpangilio huo wa kujiendesha na uiweke kwenye "jua la mchana", kama kelvini 5,500. Hapo kamera itapokea uchungwa wa jioni ulivyo.

Kosa la pili ni mwanga kuzidi. Wakati wa machweo rangi nyekundu ndiyo hujaa kwanza kwenye kamera. Ikishajaa, pale palipokuwa na chungwa na wekundu panabaki doa la manjano lisilo na kitu ndani, na hakuna programu itakayorudisha kilichopotea. Kama kamera yako ina histogramu, angalia ile ya rangi nyekundu isigonge ukuta wa kulia. Kama unatumia simu, gusa anga penye mwanga, kisha uvute kidole chini mpaka picha ipungue mwanga kidogo. Ardhi itaonekana nyeusi. Usiogope, kivuli hufufuka wakati wa kuhariri, lakini mwanga uliojaa haufufuki.

La tatu, hifadhi picha ghafi, yaani faili la RAW, kama kifaa chako kinaweza. JPEG ni chakula kilichokwisha kupikwa, huwezi kukirudisha kuwa unga.

La nne, tumia stendi ya miguu mitatu. Mwanga ukipungua kamera hukaa wazi muda mrefu, na mkono wa binadamu hutikisika. Weka ISO chini, weka kuchelewa kwa sekunde mbili ili usiitikise unapobonyeza, kisha uiachie ifanye kazi. Asiye na stendi atumie ukuta, jiwe au paa la gari.

Kuhariri: chumvi kiasi gani?

Hapa ndipo nilipoanguka. Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii: kukoleza. Tunakoleza moto, tunakoleza rangi, tunakoleza chumvi kwenye mchuzi. Na mtu akipitisha kiasi katika maneno yake, tunasema ametia chumvi. Picha nayo hutiwa chumvi, na kama mchuzi, ikizidi huitoi tena.

Simpingi mtu anayehariri. Kamera haioni kama jicho. Jicho huona ndani ya kivuli na ndani ya mwanga kwa pamoja, kamera haiwezi, kwa hiyo lazima tuisaidie. Tena hadithi hii si ya leo. Kadi nyingi za posta za mwanzoni mwa karne ya 20, za Zanzibar na za kwingineko, zilianza kama picha nyeusi na nyeupe, rangi zikaongezwa baadaye, wakati mwingine na mtu ambaye hakuwahi kupaona mahali penyewe. Swali langu ni dogo zaidi: ukihariri, unarudi kwenye kitu ulichokiona, au unakwenda kwenye kitu ulichozoea kuonyeshwa? Mti mweusi na anga la chungwa ni jalada la nusu ya vitabu vinavyoihusu Afrika. Mimi, mtoto wa watu wa pwani, nilipotaka kuonyesha "kwetu", niliiga jalada. Wala kwetu si nyikani!

Basi, hii ndiyo njia ninayoifuata sasa. Kwanza, nikiwa bado palepale, kabla sijafungasha, naandika rangi ninazoziona. Na hapa Kiswahili hunisaidia kuliko nilivyotarajia. Kina rangi tatu tu zinazobadilika kwa ngeli: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine karibu zote ni majina ya vitu: manjano ni ile bizari, kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua, chungwa ni chungwa. Kuna hata damu ya mzee, wekundu uliozama katika weusi. Ukilazimika kutaja rangi kwa jina la kitu, unalazimika kukitazama. Daftari langu la Winfrey Point, jioni moja ya Novemba, linasema hivi: "Ukingoni bizari. Juu yake ndani ya papai bivu. Kisha waridi kidogo sana. Maji: majivu, yenye mstari mmoja wa papai. Miti: kahawa bila maziwa." Neno la papai alinipa mama. Nilimpigia simu ya video nikamgeuzia kamera, na kabla sijauliza akasema, "Hilo ni papai."

Nikifika nyumbani nahariri kwa kulifuata daftari. Nainua vivuli kidogo, nashusha mwanga wa anga, narekebisha joto la rangi mpaka papai liwe papai. Kitelezi cha kukoleza rangi nakigusa mwisho kabisa, na mara nyingi sikigusi. Kisha naiacha picha mpaka asubuhi. Jicho lililokesha huzoea rangi kali, kama ulimi unavyozoea pilipili, likataka zaidi na zaidi. Asubuhi huona aibu.

Mambo mengine madogo. Simu nyingi hugeuza kioo kuwa cha manjano usiku ili macho yapumzike. Ukihariri hivyo utarekebisha kosa ambalo halimo kwenye picha, na kesho picha itakuwa ya samawati. Kizime kwanza kipengele hicho. Ukitoa faili la mtandaoni, chagua sRGB, la sivyo rangi zitapauka kwenye simu za wengine. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na mteremko laini wa rangi za anga hugeuka ngazi. Kwa wasio na uwezo wa kulipia, programu za darktable na Snapseed ni za bure.

Jioni ya Houston

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa Houston alinitumia picha aliyoipiga Buffalo Bayou mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa anasikitika. Siku ile hewa ilikuwa nzito kwa unyevu, anga lilikuwa jeupe, jua lilikuwa duara la rangi ya samli lisilo na miale, na majengo yalionekana kana kwamba yako nyuma ya chandarua. Alikuwa amejaribu kuuondoa ukungu kwa kitelezi cha kazi hiyo, na anga likawa chafu, lenye madoa ya samawati ambayo hayakuwapo. Aliniuliza afanye nini.

Nilimshauri afute yote aliyoyafanya, ainue vivuli kidogo, basi. Kisha nikaomba ruhusa yake niitume kwa bibi.

Bibi alikaa kimya siku nzima. Jioni yake ikaja sauti, na nyuma yake nikasikia adhana ya magharibi. Alisema: "Hapa sasa ninapajua. Hewa hii naijua. Hii ni hewa ya kutokausha nguo." Halafu akauliza kama mama yangu anaishi karibu na hapo. Nikamwambia hapana, hiyo ni Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Akasema, "Basi mhamishieni huko."

Sijui kama mama atahama. Ninachojua ni kwamba nilitumia usiku mzima kuitafuta kwetu kwa rangi nyekundu, nayo ilikuwa imekaa Houston katika unyevu ambao sote tunautukana.

Nimeshamwomba mhariri abadilishe lile bango. Badala yake naomba picha zenu. Zoezi la toleo hili: nenda mahali popote hapa DFW au Houston, jioni yoyote, hata ya mawingu. Andika rangi tano unazoziona kwa majina ya vitu vya nyumbani kwenu. Piga, hariri kwa kufuata orodha yako, kisha ulete picha pamoja na orodha yenyewe kwenye mkutano ujao. Walimu nanyi mmealikwa, na kwenu hatutatoa maksi.

Tukutane toleo lijalo.